Saini Yangu kwenye Bamba la Darubini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala spana. Msimamizi wa karakana, Mswidi mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alinikabidhi kipimajoto. "Ukishindwa kusoma hiki," alisema, "kingine usiguse." Ilikuwa miaka ya themanini, kiwandani Sundbyberg, jirani na Stockholm huko Uswidi, nami nilikuwa nimetoka Tanzania na cheti changu cha ufundi wa vipimo. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa amenipa kazi yenyewe.

Kiwanda chetu kilikuwa kimepata sehemu ya ujenzi wa darubini kubwa ya redio, mradi wa ubia wa nchi kadhaa. Vijana, hiyo si darubini ya kuchungulia kwa jicho. Ni dishi linalokusanya mawimbi hafifu mno kutoka angani. Uso wake huungwa kwa mabamba ya alumini, na bamba likiwa na kibonyeo cha unene wa unywele tu, mawimbi hutawanyika. Alumini nayo hutanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa. Kwa hiyo kila bamba lilipumzishwa siku nzima katika chumba cha vipimo, kwenye nyuzi ishirini za joto, na humo hawakuingia zaidi ya watu wawili, maana mwili wa mtu ni jiko. Mpimaji akiridhika, alitia saini kwenye hati iliyobandikwa nyuma ya bamba. Bila saini, bamba halitoki.

Alhamisi moja ya Desemba walikuja wahandisi wa nchi wabia. Ilikuwa sikukuu ya Lucia, Waswidi wanapovaa kanzu nyeupe, kuwasha mishumaa na kuimba dhidi ya giza la majira ya baridi. Mhandisi Mkuu wa kiwanda chetu alitaka wageni walione bamba la mwisho na waimbiwe papo hapo. Watu zaidi ya ishirini wakajaa chumbani mwangu mwa vipimo, na mishumaa yao, na kahawa, na mikate ya zafarani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji aliugua. Sitaficha, hata mimi niliimba. Kipimajoto kikapanda hadi ishirini na tatu.

Wageni walipohamia ofisini, nilipima. Bamba likasomeka safi. Lori la kwenda bandarini lilikuwa linangoja uani.

"Tia saini," alisema Mhandisi Mkuu.

"Sitii. Bamba limekunywa joto la watu. Tupime kesho."

"Vipimo vimekubali. Unataka nini zaidi?"

"Vimekubali kwenye nyuzi ishirini na tatu. Hati inasema ishirini."

Akawa mwekundu. "Hukuja huku kutufundisha. Lori likiondoka tupu, chumba hiki hutakiona tena."

Kato, rafiki yangu Mganda wa idara ya kufungasha, alinivuta pembeni. "Ndugu yangu, tia tu. Watakuleta kwa maboksi kama mimi."

Nilikipenda chumba kile. Ndipo mahali pekee Stockholm palipoliamini jicho langu bila kuuliza limetoka wapi. Lakini mtu aliyetia saini asichokijua, kesho atasaini nini? Potelea mbali. Nilirudisha kalamu mfukoni.

Lori liliondoka tupu. Ijumaa asubuhi, kwenye nyuzi ishirini barabara, nilipima tena mbele ya Mhandisi Mkuu na msimamizi. Bamba lilikuwa safi, vilevile kama jana.

Mhandisi Mkuu alicheka. "Umetuchelewesha bure."

"Sasa natia," nikasema, nikatia.

Jumatatu nilikuwa kwa Kato, napigilia maboksi misumari. Saa ya kahawa msimamizi alikuja, akaweka kile kipimajoto juu ya boksi langu, akaondoka.

Nimestaafu nikiwa mfungashaji, na anayengoja nijute atangoja sana. Darubini ilisimamishwa, na bamba lake moja lina saini isiyodanganya. Kipimajoto kinaning'inia ukutani kwangu Hagsätra. Mjukuu wangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, alisikiliza kisa hiki hadi mwisho, akakunja uso.

"Men babu, den var ju bra!" Yaani, si bamba lilikuwa sawa?

"Lilikuwa sawa Ijumaa," nikamwambia. "Alhamisi hakuna aliyejua."