Mtu Aliyeomba Alazimishwe

Baba yangu anapiga pasi kwa dobi. Kazini wanamwita Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mkononi mwake ina mstari ambao, Povu anasema, ukiugusa vibaya unajikata. Povu ndiye anayefua. Wamefanya kazi chumba kimoja tangu sijazaliwa, mmoja amelowa, mwingine amekaushwa na joto.

Baba anaogopa haramu kuliko moto. Nguo zetu anazipiga pasi nyumbani, kwa pasi ya mkaa, maana umeme wa dobi ni wa bosi. Akikuta kifungo kwenye mfuko wa mteja anakifunga kwenye karatasi na kukibana na koti kwa pini. Siku moja mama alimuuliza, "Na ule mvuke wa kazini uliouvuta leo, umeurudisha?" Baba alifikiri kwanza kabla ya kujibu.

Kisha jicho la kulia likaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, si kazi kubwa, ila si bure. La kushoto nalo likaanza kumfuata mwenzake polepole. Suruali zikawa zinatoka na mistari miwili. Mteja mmoja alirudisha yake, akailaza juu ya kaunta bila neno, kama analeta maiti. Halafu baba akaunguza kola ya bwana harusi.

Bosi wao ni mama mpole, anaomba radhi hata akiwa anadai. Akamwambia, "Mstari, sikufukuzi. Lakini ikitokea tena, samahani, nitakuhamishia kwenye kukunja mashuka."

Shuka halina mstari. Baba hakula usiku ule.

Mwezi huohuo bosi akaleta bima ya afya. Nusu analipa yeye, nusu inakatwa kwenye mshahara. Macho yamo, meno hayamo. Wenzake wote wakaweka dole gumba kwenye fomu. Baba akasema anakwenda kuuliza kwanza.

Nilimshika mkono mpaka msikitini, maana siku hizo ngazi zilikuwa zinamdanganya. Sheikh wetu hukaa karibu na mlango baada ya alasiri, na kanzu yake ni baba anayempigia pasi kila Alhamisi, bure, kwa kutafuta thawabu.

"Wanavyuoni wametofautiana," sheikh akasema. "Wapo walioruhusu. Mimi nafuata wanaosema bima ya kampuni ni kununua usichokijua. Unatoa pesa, hujui utapata nini, wala lini, wala kama utapata. Ukiugua umekula cha wenzio, usipougua wamekula chako. Inanuka kamari. Kuchangiana kwa kusaidiana, hilo ni jambo lingine, hilo ni jema."

"Na wale wanaokatwa kwa lazima?"

"Aliyelazimishwa hana dhambi."

 Niliona neno limemwingia baba.

"Tena kuna dharura," sheikh akaongeza. "Kama macho yanakwisha..."

"Moja bado lipo, sheikh."

Kesho yake nikampeleka kazini. Hakwenda kwenye meza ya pasi, akaenda moja kwa moja kwa bosi.

"Bosi, naomba unilazimishe."

"Nikulazimishe nini?"

"Bima."

"Lakini Mstari, nimesema ni hiari. Utake, usitake."

"Hapo ndipo penye tatizo."

Bosi akanitazama mimi, kisha Povu. Povu akasema, "Mzee anataka kusukumwa. Msukume tu, bosi."

Bosi akakohoa. "Haya. Nakulazimisha."

"Nikikataa?"

"Basi, usijali."

"Hiyo si lazima, bosi, hiyo ni kubembeleza. Sema utanifukuza."

"Nitakufukuza," bosi akasema, macho sakafuni.

"Kweli?"

"Hapana, baba wa watu. Una watoto."

Povu akafunga bomba ili asikie vizuri. "Kunja uso, bosi!" Bosi akakunja uso. Alionekana kama mtu aliyebanwa na kiatu. Mara ya tatu akapiga kaunta kwa kiganja: "Mstari! Usipoweka dole gumba leo, kazi huna!" Kisha akamuuliza kama angependa maji ya kunywa. Baba akasema ahsante, akayanywa, akaenda kuthibitisha kwa sheikh.

"Wewe ndiye uliyemwomba akulazimishe?" sheikh akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa adabu?"

"Kwa adabu sana."

Sheikh akazishika ndevu zake. "Ndugu yangu, mtu aliyeomba akabwe hajakabwa. Amekumbatiwa."

Nyumbani mama alikuwa anasonga ugali. "Basi nitakulazimisha mimi," akasema. "Mwiko ninao."

"Wewe si mwajiri wangu, mama watoto."

"Kweli. Mwajiri huwa anapata faida."

Povu ndiye aliyekumbuka neno la kuchangiana. Akachukua ndoo tupu ya sabuni, akaitoboa mdomo kifunikoni, akaiweka kwenye rafu. Yeyote atoe alicho nacho, na yeyote atakayeumwa kitu ambacho bima haimtibu, ndoo ifunguliwe. Bosi akasema ile nusu ambayo angemlipia Mstari ataitia humo kila mwezi, akaomba radhi kwa kuchelewa kufikiria. Sheikh alipoulizwa akasema vizuri, ila anayetoa atoe kama zawadi, asisimame mbele ya ndoo akiidai.

Baba akawa anatoa na kugeuka upande wa pili, nia isije ikaharibika.

Ndoo ilipokaribia kutosha kwa jicho, Povu akaja kazini shavu limevimba kama andazi. Jino. Alijitahidi kufua. Kila alipoinama anaguna.

"Meno hayamo," baba akasema.

"Mzee, jino litasubiri. Hiyo ni ya jicho lako."

"Ina jina langu? Fungua."

Povu akang'olewa meno mawili, moja lilikuwa limejificha nyuma. Ndoo ikarudi nyepesi kama ilivyokuja. Baba akatuambia nyumbani kwamba mpango unafanya kazi. Mama akaendelea kuosha vyombo.

Wiki ile baba akaunguza shati jingine. Bosi akamhamishia kwenye mashuka, akilia. Baba akakunja mashuka tangu mvua zilipoanza mpaka zilipoisha, ncha kwa ncha, akizipapasa kwa vidole. Kazini wakaendelea kumwita Mstari, ila kwa sauti ya chini. Povu akawa anatia ndooni kila Jumamosi kabla hajavua buti, akisema analilipia jino lake nauli.

Ndoo ilipojaa tena, jicho la kulia likafanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotolewa baba alitazama ukuta, akamtazama mama, akasema, "Umenyoa nyusi?" Mama akasema alinyoa mwaka jana.

Alhamisi akawasha mkaa, akakunjua kanzu ya sheikh. Mikono ilikuwa na mistari mitatu mitatu, imepishana kama njia za mbuzi. Mgongoni kulikuwa na alama ya pasi, kamili, mpaka ncha.

"Hii ameivaa?"

"Kila Ijumaa," nikasema.

"Akaswalisha nayo?"

"Na mgongo ndio tunaouona," mama akasema kutoka jikoni.

Baba alikaa kitako kwanza. Halafu akalowesha kitambaa, akaipiga upya mpaka mistari ikaondoka. Alama ya mgongoni haikuondoka. Akaipeleka mwenyewe, ngazi akizipanda bila mkono wangu.

"Sheikh, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanipa zawadi," sheikh akasema, akaipokea. "Zawadi haikaguliwi."

Jumatatu baba akaenda kusimama kwenye mashuka yake kama kawaida. Bosi akatoka nyuma ya kaunta, uso ameukunja, akapiga meza mpaka ndoo ikaruka.

"Mstari! Nakulazimisha urudi kwenye pasi! Sasa hivi!"

Ulikuwa ukali mzuri sana. Povu anasema alikuwa akiufanyia mazoezi chooni.