Jina Chini ya Gari Yetu

Salomé Kanyinda ana mikono ndogo, kama ya mutoto wa komunyo ya kwanza. Naanza na mikono yake kwa sababu njo ile ilinitesa. Bantu ba mutaa yetu bakimusifu, banataja sauti yake ndani ya koro ya Bametodisti, ao banasema alifundisha mwaka wa tatu kwa miaka makumi tatu bila kupiga mutoto hata mara moja. Ni kweli. Sitakataa kitu cha kweli. Lakini hakuna mwenye kumujua kama minyi, Kyabu, kwa sababu minyi njo nilimuangalia miaka sita, nikiwa nimesimama ku mulango ya jiko yangu, na moyo unachemuka kuliko sufuria.

Alizaliwa hapa hapa Kamina, ku misioni yao. Baba yake alikuwa karani, mutu wa kuvaa soksi hata ndani ya nyumba. Salomé alisoma mpaka akakuwa mwalimu, akaolewa na mwalimu mwenzake, Jéthro, mutu mwenye maneno kidogo na Toyota moja nyeupe. Minyi nilisoma miaka sita kwa masista, halafu kazi ya nyumba ikaniita. Lakini kwa maandiko ya mukono nilikuwa wa kwanza kila mwaka, na sista aliweka daftari yangu ku dirisha ili wazazi baione. Hii nilimuambia Salomé mara mingi. Anaitika tu: «Eyo, mama Kyabu.» Hakuniuliza hata siku moja kama daftari ile ingaliko.

Jéthro alipokufa, miaka sita imepita sasa, ndugu yake Ngandu alikuja toka Kabongo kuchukua gari, sawa vile ndugu ba bwana banafanyaka. Salomé alipita katikati ya bantu na nguo yake nyeusi, akafungua mulango ya gari, akakaa ku volani, akapandisha vioo. Alikaa pale toka asubuhi. Ngandu akagonga kioo.

«Muke wa kaka yangu, toka, tuzungumuze.»

«Zungumuza tu, shemeji. Niko nasikia.»

Bantu balicheka, pale pale pa kilio. Ngandu alirudia Kabongo bila gari. Hata minyi nilicheka, na siku ile nilimupenda Salomé sana. Nasema hii ili mujue kama sikumuchukia toka mwanzo.

Taabu ilianza na vidange. Mafuta ya motere inachoka, inakuwa nyeusi. Lazima kuitosha yote inje, kubadilisha filtre yenye kuichuja, na kutia mupya. Salomé alipeleka gari kwa garaji moja, balimurudishia, akalipa, akaenda. Lakini hakuamini. Akaileta kwetu ili bwana yangu aiangalie. Bwana yangu Amédée alikuwa mekanisie ndani ya Base, kambi ya baaskari, miaka makumi tatu na mbili. Aliingia chini, akatoka na kicheko.

«Mwalimu, filtre ni ile ile ya zamani. Baliiosha uso tu.»

«Basi unifundishe, papa Amédée. Sitaipeleka tena kwa mutu.»

Nikangoja bwana yangu akatae. Miaka makumi ine na saba ya ndoa, hakunipa kushika hata kle moja ya kufungulia gari. Nilimuomba, mwaka tulipopata mutoto wa pili. Alinijibu: «Kyabu, utachafua nguo.» Sasa akamuambia Salomé: «Uvae nguo ya zamani, ukuje siku ya samedi.»

Njo vile ilianza. Kila miezi tatu, Toyota ya Salomé inaingia ndani ya lupango, uwanja wa nyumba yetu, pua ku ukuta. Salomé analala ku kartoni, miguu yake inatoka upande wa jiko yangu, na Amédée anachuchumaa pembeni.

«Pole pole, mwalimu. Usiikaze kama unafunga mbuzi ya kuiba. Iguse. Ikishika, uongeze kidogo, basi.»

Sauti laini. Sauti ile minyi sikuijua. Kwangu anasemaka: «Chumvi iko wapi?» Na minyi njo nachemusha maji ya kunawa mikono yao. Mafuta chafu iliyotoka tulikuwa tunaipakaa ku miti ya jiko, ili mchwa usikule. Kwa hiyo hata miti ya jiko yangu ilikuwa nyeusi na mafuta ya Salomé.

Lakini kitu kilichoniuma zaidi ni jina. Kule alikofanya kazi, shefu wa Amédée alikuwa na sheria yake: mwenye kufanya vidange anaandika jina ku filtre na rangi nyeupe. Gari ikileta shida, hakuna maneno mingi, banasoma chini. Jina njo linajibu. Amédée aliichunga sheria ile kama sala ya asubuhi. Gari yetu nayo iko Toyota, sawa na ya Salomé, ni rangi tu, yetu iko ya bulu. Na chini yake, miaka yote, iliandikwa AMÉDÉE. Basi siku Salomé alimaliza vidange ya kwanza bila kusaidiwa, bwana yangu alimupa burashi ya rangi na mikono mbili, kama padri anashika kikombe.

«Andika, mwalimu. Sasa weye njo unajibu.»

Nilirudi ndani ya jiko, nikatwanga majani ya sombe mpaka ikakuwa maji.

Mwaka huu mikono ya Amédée ilianza kutetemeka. Kikombe chake cha chai kinaimba juu ya sahani. Siku moja, mbele ya Salomé mwenyewe, akasema:

«Vidange ya gari yetu imefika. Naenda Kabongo kwa kilio cha binamu. Nikirudi, samedi, Salomé njo ataifanya.»

«Na jina?» nikauliza.

«Lake. Si yeye atafanya?»

Salomé akaangalia chini. «Kama mama Kyabu anakubali.»

«Minyi niko nani ndani ya mambo ya bamekanisie?» nikajibu.

Lakini ndani ya moyo niliapa. Ndani ya gari ile nilipeleka batoto batano kubatizwa, na mama yangu kuzikwa. Chini yake, jina la muke mwingine halitafika.

Amédée akapanda kamioni ya Kabongo siku ya mardi. Siku mbili nyuma, jeudi asubuhi, nikavaa pagne yangu ya zamani zaidi. Gari alikuwa ameiacha juu ya mbao zake mbili za kupandia, tayari kwa Salomé. Bidon ya mafuta mupya na filtre zilikuwa ndani ya nyumba. Kle zake nilijua zinalalaka wapi, maana nafagia chini ya ile meza toka nilipoolewa. Nikatandika kartoni.

Kazi niliijua. Nilikuwa nimeiangalia miaka sita. Miguu upande wa jiko, kichwa ndani, na bushoni, kile kizibo cha kutoshea mafuta, iko juu ya uso. Nikaingia, nikaiona, pale pale nilipoihesabia. Nikajaribu kle ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaingia. Nikavuta na mikono mbili, ikalia kriii, ikaachia, na mafuta ikatelemuka ndani ya beseni yangu ya sombe.

Na sasa musikie: haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya njano, kama asali ya pori. Nilicheka peke yangu kule chini. Ya Salomé inatokaka nyeusi kama makaa. Yetu, hata ikichoka, iko safi. Nikasema kwa sauti: «Unaona, mwalimu? Si kila nyumba iko sawa.» Ilikuwa na harufu ya yai lililooza, lakini mutu mwenye furaha hasikiaka harufu.

Nikafunga bushoni. Filtre niliitafuta na macho mpaka AMÉDÉE ya nyeupe ikanionyesha. Nikaitosha, nikapakaa mafuta kidogo ku mupira wa kauchu wa ile mupya, kama nilivyosikia banafundishana, nikaikaza na mukono. Halafu nikachukua burashi. Nikaandika KYABU, na yale maandiko ya masista, K yenye mukia. Nililala pale nikiiangalia, sijui muda gani. Kisha nikatoka, nikatia bidon yote juu ya motere.

Kulibaki kusikiliza tu kama inaimba muzuri. Kuendesha sijui, lakini kuwasha najua. Nilikuwa nimekaa ku volani, mukono ku funguo, njo Salomé alipaza sauti toka ku lupango yake, pembeni ya yetu.

«Mama Kyabu! Usiwashe! Nakuomba, usiwashe!»

Akaingia bila kubisha hodi, yeye Salomé mwenye adabu.

«Kuko nini?» nikamuuliza.

«Harufu. Naisikia toka kwangu. Hii haiko harufu ya mafuta ya motere.» Akatia kidole ndani ya beseni, akanusa. Hakucheka. Ningependa acheke, ningemufukuza. «Mama, hii ni mafuta ya bwate ya vitesi, ile sanduku ya kubadilishia mwendo. Bwate yote iko mutupu sasa. Na motere haukuitosha kitu, umeitilia tu juu ya ile ya zamani.»

«Uongo! Niliingia fasi ile ile yako. Miguu upande wa jiko.»

Akaangalia gari. Akaangalia jiko. Akaweka mukono ku kinywa.

«Mama Kyabu… gari yangu ikiwa hapa, inaangalia ukuta. Yenu inaangalia barabara.»

Nikatosha mukono ku funguo. Kwa gari yake, upande wa jiko ni kuume, kule kwa motere. Kwa yetu, pua ikiwa inje, upande wa jiko ni kushoto, kule kwa bwate. Miaka sita nilisoma kazi ile toka ku mulango ya jiko, na niliisoma kinyume.

«Kama ningewasha?»

«Kuwasha si kitu sana. Lakini papa angetembea nayo, bwate ingejikula meno yote. Anarudi lini?»

«Kesho.»

«Basi utelemuke. Na ulete kartoni ingine, hii haitutoshe babili.»

Tukalala chini ya gari, bibi babili ba umri yetu, miguu upande wa barabara, bapita njia banatuangalia. Tukafungua motere, ikatoka.

«Iko nyeusi kama yako,» nikasema.

«Zaidi ya yangu. Papa Amédée alichelewa.» Hata pale hakukosa kunichoma.

Mafuta ya bwate ilikuwa ingali muzuri. Tuliichuja na kitambaa changu cha kichwa, ili tuirudishe na kipande cha mupira wa maji. Lakini bushoni ya kutilia iko fasi ya kufinyana sana, na mikono yangu ilikataa. Nilijaribu mpaka ngozi ikachubuka. Ile mikono yake ya mutoto wa komunyo ikaingia mara moja, bila shida. Mafuta mupya ya motere nayo ilikuwa imepotea. Salomé akaenda kwake, akarudi na bidon aliyokuwa ameichunga kwa vidange yake mwenyewe, akaitia yote.

Njo pale akaona filtre. Mafuta ilikuwa imetelemuka juu ya jina langu. Akachukua kitambaa. Nikajua: ataifuta, aandike lake, na haki iko naye. Nikafunga macho. Nilipoyafungua, alikuwa anapangusa pembeni pembeni ya herufi, pole pole, mpaka K ikatoka na mukia wake.

«Ni kweli, mama Kyabu. Maandiko yako iko muzuri.»

Miaka ile yote! Alingoja kunisifu chini ya gari, uso wangu ukiwa na mafuta mpaka masikioni. Hata sifa, Salomé anajua saa ya kuitoa.

«Papa hatasikia kitu kwangu,» akasema akienda.

«Wafwako,» nikamujibu. Neno lile la shukrani nililisema nikiokota kle.

Kesho yake Amédée akafika. Hakuomba hata maji. Aliona mbao zina matone, akaona bidon mutupu, akalala chini. Miguu yake ikabaki inje muda murefu. Minyi nilisimama ku mulango ya jiko, fasi yangu.

«Kyabu.»

«Eyo.»

«Hii K naijua.»

Sauti ilikuwa ile ile laini. Nawaambia, nilikuwa na kila kitu wakati ule. Kisha akaongeza:

«Na bwate, njo nani aliifungua? Bushoni ya kutilia imepanguswa. Mukono yako haiingie pale.»

Ningeweza kusema sijue. Salomé alikuwa amefunga kinywa chake, na kinywa cha Salomé kikifungwa kimefungwa. Lakini Amédée alikuwa amelala chini ya jina langu, anangoja lijibu.

«Ni Salomé,» nikasema. «Minyi nilikosea bushoni, nikamwaga mafuta ya bwate. Yeye njo alitengeneza. Hata mafuta ndani ya motere iko yake.»

Akatoka chini, vumbi mugongoni. Hakunigombeza. Alienda ku meza yake, akarudi na burashi, akanipa na mikono mbili, zote zinatetemeka.

«Basi ingia, uandike jina lake ku bwate.»

«Minyi?»

«Ndani ya hii nyumba, maandiko ya nani iko muzuri?»

Nikatandika kartoni. Nikalala. Nikaandika SALOMÉ na mukono wangu mwenyewe, chini ya gari yetu. Niliiandika ndogo, na haina mukia. Sasa gari ile inatembea Kamina yote na majina yetu mawili, na kila samedi ya vidange, mbele Salomé hajafika, naingia kidogo chini kuangalia kama yangu ingali kubwa.