Kompyuta ya Chumba cha Mbele

Kompyuta ya kwanza kuwashwa nyumbani kwetu Itigi niliiunganisha mimi, kwa mikono yangu na bisibisi moja ya nyota. Ninalisema hili mapema kwa sababu wapo ndugu zangu wanaosimulia habari hii kana kwamba ilinunuliwa ikiwa imekamilika ndani ya boksi. Ilikuja vipande vipande, kwa treni, kwa muda wa miezi minne, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kipande kipi kinaingia wapi.

Wakati huo nilikuwa Dodoma nikisoma kozi ya kompyuta. Soko huria lilikuwa limeshika kasi, kila kona mtu anaambiwa ajiajiri, na Kariakoo maduka ya vipuri vya kompyuta za mitumba yalikuwa yameota kama uyoga. Kila nilipopata upenyo nilishuka Dar, nikachagua kipande kimoja baada ya kukigeuzageuza mpaka mwenye duka akanichoka, kisha nikamkabidhi mfanyakazi wa treni aliyemfahamu baba. Kasha, ule ubao mkuu uitwao mazabodi, ram, diski, na mwisho monita kubwa yenye mgongo, vyote vilishushwa stesheni ya Itigi. Baba alikuwa akivipokea.

Hapa inabidi nimseme baba. Alikuwa ameitumikia reli tangu kabla sijazaliwa, katika kazi ya kuongoza treni pale stesheni. Ofisini kwao kulikuwa na chombo cha chuma chenye kengele. Stesheni ya jirani ikitaka kuachia treni ije kwetu, inagonga. Milio kadhaa ina maana hii, milio kadhaa ina maana ile, na baba anajibu kwa kugonga vilevile. Akikosea kuhesabu, treni mbili zinakutana uso kwa uso kwenye reli moja. Hakukosea hata siku moja. Halafu mashirika yakaanza kubinafsishwa, reli nayo ikapunguza watu, na baba akapunguzwa.

Tangu hapo alikaa. Asubuhi alitoa kiti barazani, jioni alikirudisha ndani. Hakuchonga mzinga, hakwenda porini kuangalia nyuki, hakunoa hata jembe. Mama, ambaye hana kawaida ya kulalamika, aliniandikia barua akasema, "Baba yako anazimika huku tunamwona." Niliisoma bwenini nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Siku hiyohiyo niliamua kwamba chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, kitakuwa ofisi ya kuchapa, na baba ataiendesha pamoja nami. Barua na mitihani ningeweza kuchapa popote. Ile kompyuta niliitaka imwinue baba kwenye kile kiti, basi. Ndiyo maana nilimpa kazi ya kupokea vipuri, nikamwandikia avitunze vizuri mpaka nimalize kozi.

Nilirudi Ijumaa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanivuta mkono kabla sijanywa hata maji. "Njoo uone, mama." Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Alifungua sanduku la bati, na ndani yake kila kipande kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa safi. Sanduku lilinukia asali, lakini Itigi ni kitu gani kisichonukia asali? Nilimsifu, akatabasamu kidogo. Sikuwa nimeuona ule uso wake ukitabasamu kwa muda mrefu.

Mchana huohuo niliiunganisha. Nilifanya kazi kwa madaha, nakiri. Baba na mama walikaa kwenye kochi wakinitazama, nami kila nilichoshika nilikitaja kwa sauti ya mwalimu wangu wa chuoni. Ram, kile kibao chembamba cha kumbukumbu chenye meno ya dhahabu, iliingia kwenye tundu lake laini ajabu. Za chuoni zilikuwa zikitaka kubanwa kwa dole gumba mpaka liume. Nikawaambia, "Mmeona? Huo ndio mkono wa mtu anayejua." Kile kispika kidogo cha ndani sikukiunganisha. Chuoni kilikuwa kikitupigia kelele kila tukiwasha mashine, nikaona nyumbani kwetu hakitakuwa na faida.

Nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, na mama akapiga makofi. "Imewaka!" Lakini kioo kilikuwa cheusi tii. Taa ya monita ilibaki rangi ya machungwa, ikikonyeza. Baba alisubiri kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa hapo tutazame wapi?"

Sikuogopa. Kazi niliijua, na nilijua kwamba kompyuta isiyoonyesha kitu haitibiwi kwa kupigwa makofi ubavuni, kama redio. Jumamosi asubuhi nilianza upande wa monita. Nilichomoa waya wake ikiwa inawaka, na maandishi yakatokea kwenye kioo yakidai kwamba haijaunganishwa. Kumbe monita ni nzima. Nikakagua pini za waya, moja moja, hakuna iliyopinda. Nikabadilisha soketi ya ukutani. Nikatoa ile betri ndogo ya kwenye mazabodi, nikaiacha nje dakika kadhaa, nikairudisha. Nikachomoa diski, nikachomoa kisomeo cha sidii, nikabakiza vile tu ambavyo mashine haiwezi kuamka bila hivyo. Ndivyo tulivyofundishwa: punguza, washa, angalia. Nilipunguza kila kitu isipokuwa ram, kwa sababu ram niliipachika mwenyewe na ilikuwa imeingia vizuri kuliko zote nilizowahi kupachika.

Kioo hakikubadilika. Nikaanza kumlaumu yule muuza duka wa Kariakoo. Niliyoyasema juu yake siwezi kuyaandika hapa, na mama akayapeleka sokoni yakiwa bado ya moto, hata jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba binti wa fulani ametapeliwa Dar. Yangekuwa hayo tu nisingejali. Lakini Jumatatu mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa aje na mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Baba mwenyewe ndiye aliyemwendea akamwahidi, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kutoka nyumbani kwenda kuongea na mtu tangu apunguzwe. Saa tisa alasiri nikageuka kumwomba anishikie tochi, nikakuta kochi tupu. Alikuwa amerudi barazani, kwenye kiti chake.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama mlangoni bila kuingia. Nilikuwa nimeilaza mashine ubavu, matumbo nje, nikiitazama kwa chuki.

"Huo waya mwembamba wenye kidude cha mviringo, wa nini?"

"Kispika, baba. Hakina maana. Kinapiga kelele tu."

"Kelele gani?"

"Pii, pii. Za kuudhi."

"Mara ngapi?"

"Mara ngapi nini?"

"Kinalia mara ngapi?" Sasa alikuwa ameingia ndani.

"Sijawahi kuhesabu."

Alinitazama kama nimemwambia kwamba natembea barabarani nimefumba macho. "Siku mbili unahangaika naye, unamuuliza anaumwa wapi, na mdomo wake umeuchomoa wewe mwenyewe. Rudisha."

Nilirudisha, kwa kununa. Nikawasha. Mashine ikatoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza, ikatoa mwingine. Nikanyoosha mkono kuizima, baba akaushika. Alifumba macho. Kidole chake kilikuwa kinagonga gotini, taratibu, kikipima urefu wa mlio na urefu wa kimya.

"Mrefu mmoja, kimya, mrefu mmoja. Haibadilishi," akasema. "Huyu anarudia ujumbe uleule mpaka ajibiwe. Daftari lako linasemaje?"

Nilifungua daftari la chuo. Jibu lilikuwepo, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe, limepigiwa mstari kwa wino mwekundu: mlio mrefu unaojirudia, angalia ram. Nikamwambia haiwezekani, ram imekaa vizuri.

"Mimi sikuwahi kuachia treni eti kwa sababu naona reli iko wazi," akasema baba. "Nilisikiliza kengele."

Niliichomoa. Ilitoka kama ilivyoingia, laini mno, na hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Yale meno yake ya rangi ya dhahabu hayakung'aa. Nilikwaruza moja kwa ukucha, kikatoka kitu cha manjano kikavingirika kwenye kidole. Nikakinusa.

"Nani kapaka nta humu?"

Nilipiga kelele, sitajitetea. Siku mbili zote zilinipanda kichwani kwa pamoja, na yule muuza duka niliyemchafulia jina, na mikono yangu mahiri niliyojisifia. Mama alichungulia kutoka jikoni, akasema jambo kwa Kigogo, akarudi jikoni. Mama akihamia Kigogo hapo mtu ajue amevuka mpaka.

"Mimi," baba akasema.

Alieleza bila haraka. Masika yalikuwa yanaingia, na bati la chumba kile linavuja unyevu. Aliona yale meno ya dhahabu, akafikiri kwamba kutu ikiyala binti yake atakuwa amepata hasara. Akachukua nta safi, akailainisha juani, akayapaka kidogo kidogo kwa kidole, kisha akafuta ile iliyozidi. Kisu kinapakwa nta, uzi wa kushonea unapakwa nta, parafujo ya baiskeli inapakwa nta. Sijui ni nani Itigi angefanya vingine.

"Dhahabu haishiki kutu, baba!"

"Kumbe," akasema, na macho yake yakaenda mlangoni, kule barazani.

Maneno mengine mengi yalikuwa yamejipanga mdomoni mwangu. Niliyameza, na yalikuwa machungu. Katika miezi yote ile ya kukaa, baba alikuwa amefanya kazi moja tu kwa mikono yake. Aliifanya kwa ajili yangu, kwa uangalifu wote aliokuwa nao, na mimi nilikuwa nimeishika ile kazi mkononi nikimfokea nayo. Niliona aibu. Pia niliona kwamba nikimwambia pole, haidhuru, atakwenda zake kwenye kiti na hatanyanyuka tena.

Kwa hiyo nilimnyooshea ile ram. "Isafishe wewe. Mimi mikono inatetemeka, nitaivunja."

Hilo lilikuwa kweli. Aliipokea kwa viganja viwili. Akavaa miwani, akalowesha kitambaa kwa petroli kidogo, akaanza jino la kwanza. Alilisugua, akaligeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akalisugua tena, akaenda la pili. Baada ya petroli akaomba kifutio cha penseli, akarudia yote upya, upande huu na upande ule. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Ningekuwa mimi, ndani ya dakika tano ningesema imetosha, na isingetosha. Aliponirudishia, iling'aa kuliko ilipokuwa dukani.

Niliiacha kavu, kisha nikaipachika kwenye tundu la pili, ambalo halikuwa limeguswa na nta. Safari hii iligoma, ikataka dole gumba, ikaingia kwa mshindo. Nikawasha. Kispika kikatoa mlio mmoja mfupi, na kwenye kioo cheusi yakajitokeza maandishi meupe, namba zikikimbia kuhesabu. Nilimkumbatia baba, kitu ambacho sisi hatufanyi, naye akasimama wima kama mlingoti akingoja nimalize.

Nililala usingizi wa pono. Jumatatu, saa mbili kamili, nilisikia hodi ya mwalimu mkuu. Nikamkaribisha barazani, nikaenda kufungua chumba cha mbele nikiwa nimevaa gauni langu la kazi.

Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mbele yake kompyuta yangu ilikuwa imefumuliwa yote. Kasha peke yake, mazabodi peke yake, diski, feni, nyaya zimenyooshwa moja moja. Skrubu zilikuwa kwenye vizibo vya soda, na chini ya kila kizibo kipande cha karatasi chenye maandishi yake yaliyolala upande mmoja, kinachoeleza zimetoka wapi.

"Baba! Mwalimu yuko nje na mtihani wake!"

"Shikamoo umeitupa wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie asubiri." Hakuinua kichwa. "Jana uliifungua wewe na kuifunga ukafunga wewe. Siku ukisafiri ikalia, nani atajua inasema nini? Sasa nimeshaitoa yote. Naanza kuirudisha."

"Ngoja nikusaidie, itakuwa haraka."

"Sitaki haraka. Na usiniambie kitu mpaka nikuulize."

Nilitoka nikamwambia mwalimu mkuu awe radhi, fundi anaifunga. Akashangaa, akauliza Itigi imepata lini fundi wa kompyuta. Nikamwambia ni baba. Kisha nikarudi mlangoni. Nilimwona akishika waya wa diski kwa kichwa chini, nikauma ulimi. Akautazama, akautazama tena, akaugeuza mwenyewe. Ilifika saa nne ndipo alipobonyeza swichi, kispika kikatoa mlio mmoja mfupi. Muda wote huo nilisimama pale mlangoni, mikono inaniwasha, na sikuingia.