Chumba cha Wanyamwezi

Asubuhi hiyo niliondoka Mikumi bila kujua naenda wapi. Lori la mbao lilikuwa linaelekea Kilosa, nikapanda. Shule niliiacha darasa la tatu, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali mwezi mzima.

Kabla ya kufika mjini, lori lilisimama kwenye kambi ya mashamba ya mkonge. Katika safu ya vyumba vya manamba, vibarua wa mkonge, niliona mlango mmoja uko wazi, na ndani hakuna kitanda wala chungu. Nikashuka, nikachungulia.

Kulikuwa na ngoma, vilindo vya magome ya miti vya kuhifadhia nafaka, mapambo ya kombe za baharini na majembe ya chuma ya kizamani, vyote vimepangwa ukutani. Mama mmoja wa makamo alikuwa anavifuta vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

"Ndiyo maana unanuka nazi! Ingia, mtani wa Wanyamwezi, ila usiibe."

"Cha Mnyamwezi ni changu, mama. Siibi, nachukua."

Nikatungua jembe moja, nikaelekea nalo mlangoni. Kwa desturi ya utani wetu, angecheka, alikomboe kwa bakuli la uji. Hakucheka.

"Hilo mume wangu alikuja nalo kwa miguu kutoka kwetu Unyanyembe," alisema.

Nikalirudisha huku nimeinamisha kichwa. Akanieleza kwamba Wanyamwezi walikuwa wachache pale kambini. Kila aliyefariki, yeye aliomba kitu kimoja kwa ndugu zake, ili watoto waliozaliwa kwenye mkonge wajue wametoka wapi. Lakini chumba kilikuwa kimeandikwa jina la mumewe, naye alikuwa amefariki. Nyapara alikuwa amesema kisipopata mfanyakazi kabla ya jioni, vitu vitatupwa nje, waingie manamba wapya. Yeye mwenyewe alikuwa analala kwa binti yake, mlango wa tatu.

"Sasa wewe umegusa kitu cha marehemu," alisema. "Mtani akikosa, hulipa. Nenda kaandikishe kipande, chumba hiki kiwe chako."

"Mama, kipande ni siku thelathini za kazi!"

"Nazijua. Mume wangu alimaliza vipande vingapi?"

Ningeweza kurudi kwenye lori. Dereva alikuwa bado anakunywa chai. Nikamtazama yule mama. Alikuwa ameanza tena kufuta vumbi, kama vile jambo limekwisha. Nikaenda kwa karani.

Nyapara aliponiona na kipande aliangua kicheko. "Mzaramo akate mkonge? Mkonge ndio utakukata wewe." Akaja kukagua chumba, akaishia kizingitini. "Kwa kawaida mnakaa wanne humu. Lakini nani atakubali kulala na vitu vya wafu? Basi, kaa peke yako. Siku ukitoroka, navitupa."

"Hatoroki," mama alimjibu.

Alipoondoka, mama aliniletea mkeka. Nikaanza kuutandika kando ya ukuta.

"Si hapo. Kwanza kazi." Akanikabidhi debe la majivu. "Mchwa wa hapa hawana adabu. Zungushia kuta zote, kila wiki. Na unapozunguka, nitakuwa nakuambia kila kitu ni cha nani, nawe unitajie mpaka usikosee."

Nikapiga magoti pembeni mwa mlango, nikachota majivu. Akaanza na ngoma.