Kitenzi cha Mzee wa Vällingby

Mzee niliyekuwa nikimhudumia katika mtaa wa Vällingby, mtu wa Azabajani, alikuwa amesahau Kiswidi chote, lugha ya nchi hii. Alikizungumza maisha yake yote ya kazi, kisha uzee ukakifuta, ikabaki lugha ya mama yake. Mimi nilitumwa kumwogesha na kumpa chakula, si kusoma lugha. Nilijifunza kwa ubishi tu.

Binti yake anaishi mji wa mbali, Göteborg. Ndiye aliyenifundisha kwa simu kitenzi kimoja, çəkmək, kinachotamkwa karibu na “chekmek”. Alisema nikikijua hicho, nitamwelewa baba yake siku nyingi. Maana ya kwanza ni kuvuta. Nikadhani kazi imekwisha, maana hata sisi tunavuta kamba, tunavuta sigara, tunavuta subira. Wapi! Wenzetu wanavuta mpaka picha, ya kamera na ya penseli. Kahawa wakiisaga, wameivuta. Mzigo ukiwa kwenye mizani, unavuta kilo zake. Maumivu nayo huvutwa, na taabu, na hamu ya mtu aliye mbali.

Basi nikawa nasikiliza neno linalotangulia. Akitaja siqaret namnyima, daktari amekataza, naye ananuna. Akitaja ağrı natafuta dawa ya maumivu. Aliniita qızım, binti yangu, nami nikamwita Baba. Kichwa kilinivimba, nakiri. Wenzangu kazini walinipigia simu kuuliza mzee anataka nini.

Theluji ilipoyeyuka, afisa wa manispaa alikuja kuona kama mzee abaki kwake au ahamie nyumba ya wazee. Binti alikuwa safarini, na simu ya mkalimani ilikatika kila tulipompata. Mimi nilikuwa nimeshaamua: abaki. Asubuhi hiyo nilifuta vumbi kila mahali na kumvalisha shati la kola, afisa aone jinsi anavyotunzwa.

Afisa aliniomba nisaidie. Kwa maneno yangu machache nikamwuliza mzee: nyumbani, hapa, ni vizuri? Aligeukia dirisha. Kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto:

“Tənhalıq çəkirəm, qızım.”

Tənhalıq nililijua. Binti yake alilitumia alipoeleza jinsi baba alivyokuwa tangu mama afariki. Ni upweke. Alikuwa akiniambia kuwa upweke unamtesa.

Afisa alisubiri, kalamu mkononi. Ningeweza kusema anataka sigara, na nani angenibishia? Nilimwambia ukweli. Akaniomba nimwulize kama angependa kuishi na wazee wenzake, na mzee akaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi.

Nililia kwenye ngazi nikishuka, mwanzoni kwa hasira. Kisha niliumia, tena sana. Niliingia nyumba ile kila siku nikitabasamu, nikimfungulia mapazia, nikimtania juu ya ndevu zake, na muda wote huo niliamini kwamba mimi namtosha.