Feni Iliyobaki Ndani ya Sauti

Baada ya kumzika mke wangu nilianza kuichukia feni. Kompyuta yetu ya zamani, kubwa kama sanduku la nguo, ilikaa sebuleni, hapa mtaa wa Majengo, chini ya mlima wa moto, na haikuzimwa kamwe. Ndani yake zilikaa picha na sauti zote za mke wangu, na watoto wetu, walio mbali, walizifungua kwa simu zao. Vumbi jeusi la volkano lilikuwa limeijaa feni yake, nayo ilinguruma kutwa.

Kulikuwa na sauti moja niliyoitaka kuliko zote. Anamwelezea dada yake habari za maharagwe, anacheka, kisha inabaki ngurumo tu, na chini yake kitu kama neno. Nililitaka neno lile. Vifaa vya masikioni nilivijaribu mara moja. Sikuvumilia kumsikia ndani ya kichwa changu.

Nikaenda kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Alinionyesha mashine tatu ndogo. Ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu.

"Hii iko na ventilateur ndani, muzee. Ni ndogo, lakini itakupigia makelele."

Ya pili haikuwa na feni, ila diski yake ilizunguka na kukwaruza. Ya tatu ilikuwa kipande kizito cha chuma chenye mbavu mgongoni za kutolea joto. Ndani yake hakuna kilichozunguka, na ilikula umeme mdogo kuliko taa yetu. Betri ya paneli yetu ya jua ingeibeba bila shida.

"Nitajua namna gani kama iko inatumika?"

"Uiguse. Kama iko na joto, iko nzima." Akacheka. "Iko sawa na bwana yangu, haisemi. Ila hii inakula kidogo."

Nilinunua ya tatu, naye akaja nyumbani kuhamisha kila kitu. Alipoondoka, nikaizima ile ya zamani na kuchomoa waya wake. Sebule ikanyamaza hadi nikaisikia saa ya ukutani, niliyodhani imekufa. Nikaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa vuguvugu. Mkono wa mwisho nilioushika haukuwa hivyo. Nikaondoa kiganja.

Nikaifungua sauti ile. Maharagwe. Kicheko. Na feni. Feni niliyoizima kwa mkono wangu ilinguruma nyuma yake. Niligeuka kutazama, waya ulilala sakafuni. Ndipo nikaelewa kwamba alijirekodi kwa simu akiwa amekaa kando ya kompyuta. Nilikaribia kuifunga.

Feni ikapungua, ikapungua, ikazimika, kama zamani umeme ulipokatika kabla hatujapata paneli. Kimya. Kisha mke wangu, karibu sana, akiniita kama watoto wanavyoniita:

"Papa, uko hapo? Kuranti imeenda."

Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, polepole. Mtu akakohoa, na kikohozi kilikuwa changu.

Ningeweza kuandika kwamba nilikuwa nimelala. Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki, macho wazi, nimemnunia kwa jambo ambalo leo silikumbuki.

Nilimpigia simu binti yetu mkubwa, nikamweleza.

"Papa, sisi tulisikia tangu zamani. Huku kwetu hakuna makelele."

Sasa naifungua kila jioni, kabla ya kula. Anapouliza, namjibu: "Niko." Baada ya hapo yule mtu anakohoa.