Pacha wa Nassoro Fundi Redio

Ukiuliza nyumba ya Nassoro katika mtaa wa Waswahili pale Gitega, hawakuelekezi kwa rangi ya mlango. Wanakwambia ufuate kelele. Alikuwa fundi redio, akiishi peke yake, na kila jioni aliwasha redio mbili tatu kwa pamoja, moja ikisoma habari kwa Kirundi, nyingine ikiimba, nyingine ikikoroma tu. Majirani walimcheka, wakasema Nassoro ana mkutano wa hadhara chumbani. Hawakukosea sana. Nyumba ilikuwa kimya mno, na ukimya ule ulimkaba.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Vita vilipochacha, mkewe Salama alimshika mkono binti yao Swabra, akajiunga na watu waliokuwa wakipitia Muyinga kuvuka mpaka kwenda Tanzania. Nassoro alibaki kumuuguza mama yake asiyeweza kutembea, akaahidi kuwafuata. Mama, Mungu amrehemu, aliugua muda mrefu. Alipozikwa, njia zilikuwa zimefungwa na habari zimekatika. Watu aliowatuma wakaulize kambini walirudi mikono mitupu. Miaka ikapita, na mtoto aliyeondoka akiwa hajui hata kufunga viatu, kama yu hai, alikuwa sasa msichana mkubwa.

Ndiyo maana ofisi moja ndogo ilipotafuta fundi wa kushughulika na sauti, Nassoro alikubali kabla hawajataja mshahara. Ofisi ile iliwasaidia watu waliopotezana vitani. Muyinga, ambako wakimbizi walikuwa wakirudi kutoka Tanzania, mtu mmoja jina lake Olivier aliwarekodi: mimi ni fulani, namtafuta fulani. Gitega, Nassoro alizinakili sauti hizo kwenye kompyuta, na redio ikazitangaza. Mtandao haukuwepo. Sauti zilisafiri barabarani ndani ya disiki mbili ndogo za kuchomeka kwa waya, ambazo dereva Waziri alizificha ndani ya gunia la maharagwe.

Disiki hizo zilifanana kama mapacha, na hazikuwa na maandishi yoyote juu yake. Olivier alikataza. Kwenye vizuizi vya barabarani, kitu chochote chenye jina kilikuwa balaa: askari anauliza huyu ni nani, na yule ni wa upande gani, na kabla hujajibu umeshushwa garini. Kwa hiyo hawakubandika karatasi wala hawakupaka rangi. Na kwa sababu hiyo hiyo, disiki ya zamani ilikuwa lazima ifutwe kabisa kabla ya kurudi Muyinga.

Kazi ilikwenda hivi. Disiki iliyojaa ikifika, Nassoro aliichomeka pamoja na ile ya safari iliyopita, akanakili mpya, akafuta ya zamani, akampa Waziri. Alizitofautisha kwa herufi ambazo mashine yenyewe ilizipa. Iliyochomekwa kwanza iliitwa a, ya pili b. Nassoro akazibatiza kwa jinsi Warundi wanavyowaita mapacha wao: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Ya zamani aliichomeka kwanza siku zote, ikawa Bukuru siku zote, na Bukuru ndiye wa kufutwa. Mazoea yana taabu, lakini taabu yake haijitangazi.

Siku moja Waziri alifika na neno la mdomo. Olivier alisema ndani ya disiki hii mna sauti ya Nassoro mwenyewe. Si sauti anayotoa, sauti inayomtafuta. Msichana, anamtaka baba yake, fundi redio wa Gitega.

Nassoro alikimbilia mashine. Alichomeka ya zamani, akachomeka mpya, akaketi. Papo hapo umeme ukakatika.

Jenereta lilipowashwa, mashine ikaanza upya na disiki zote mbili zikiwa zimo tayari. Nje Waziri alikuwa akipiga honi. Msafara wa magari yaliyosindikizwa na wanajeshi ulikuwa unaondoka kuelekea Muyinga, na asiyeondoka nao angelala Gitega mpaka Mungu apende. Alihitaji disiki tupu sasa hivi. Nassoro, ambaye siku zote alinakili kwanza, safari hii akasema afute ya zamani, ampe Waziri aende zake, kisha asikilize kwa utulivu. Akaamuru mashine imfute Bukuru mpaka chini kabisa. Ilipomaliza, akachomoa disiki aliyoichomeka kwanza, akamkabidhi Waziri, akamuaga kwa furaha.

Kisha akaketi, akavaa vipokea sauti masikioni. Hakukuwa na kitu. Hakukuwa hata na mkwaruzo.

Alitafuta mpaka macho yakamwuma. Mwisho alifungua kumbukumbu za kerneli, kile kiini cha mfumo ambacho huandika kila kinachokiona tangu mashine inapowashwa. Hakuwahi kuzisoma, nani husoma maneno ya mashine inayofanya kazi vizuri? Humo akakuta yote. Mara ya kwanza: disiki imepatikana, inaitwa a, nyingine imepatikana, inaitwa b. Kisha mwanzo mpya baada ya umeme kurudi. Disiki ya zamani ilikuwa imechoka, ikachelewa kuamka. Ile mpya ikaitika kwanza, mashine ikaipa herufi a, na hiyo ndiyo aliyoifuta. Mashine haikumdanganya. Herufi ile haikuwahi kuwa jina la disiki. Ilikuwa nafasi yake kwenye foleni. Mama wa mapacha hasemi Bukuru ni yule aliyetangulia kuamka leo asubuhi.

Na kando ya kila herufi, kabla na baada ya umeme kukatika, palikuwa na namba ndefu ya kiwandani. Hiyo haikubadilika. Akaigeuza disiki iliyobaki, akaikuta namba imechorwa kwa chini, ndogo mno, mahali ambapo hakuna askari aliyewahi kupatazama. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Nassoro alilia pale pale ofisini. Jioni hiyo hakuwasha redio hata moja, na majirani wakadhani amesafiri.

Alitaka kusafiri kweli, lakini mapigano yakaifunga barabara kwa wiki nyingi. Ilipofunguliwa alipanda kando ya Waziri mpaka Muyinga, akamkuta Olivier katika chumba chake kidogo karibu na soko. Olivier alikwisha kujua kuna kitu kimeharibika, maana disiki aliyoletewa ilirudi na sauti za zamani. Alimkaribisha chai, akazungukazunguka na habari za njia, mwisho akasema.

“Bon, ndugu yangu, mi sitakuficha. Mtoto alikuwa anakuja kila siku ya soko. Anasimama hapo kwa dirisha, anauliza: Gitega imejibu? Mi namwambia bado. Halafu siku moja hakuuliza tena, alipita tu.”

Nassoro aliuliza kuhusu mama wa mtoto. Olivier akatikisa kichwa. Salama alikufa kambini, na msichana akalelewa na Mkongomani mmoja wa Kivu, mfanyabiashara wa vitenge aliyeitwa Marceline. Huko kambini walimwita Raissa. Sasa wamehama, wanafuata masoko, huenda Ngozi, huenda Kayanza, hakuna aliyejua. Rekodi nyingine haikuwepo. Olivier naye alifuata sheria, alikuwa amekwisha futa.

Nassoro aliweka kikombe chini. Alimlilia Salama kwa kuchelewa, na alimwonea haya binti aliyesimama dirishani kungoja jibu ambalo baba yake mwenyewe alilifuta. Kisha akaomba kurekodiwa. Sauti za watu wengi zilikuwa zimepita mikononi mwake, yake haikuwahi kuwemo.

Olivier alimwonyesha namna ya kuanza: taja jina lako, taja jina la unayemtafuta. Nassoro akakataa kuanza na jina.

“Mi ni fundi redio wa Gitega,” alisema. “Natafuta mtoto mwenye alama ya kuungua mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Ni chuma yangu ya kuchomelea waya za redio. Kama wanakuita Raissa, itika Raissa. Kama ni jina lingine, itika hilo. Sikutafuti kwa jina, mama. Nakutafuta kwa alama.”

Tangazo lilitoka mara nyingi. Watu sokoni Gitega walimsimamisha wampe pole, wengine wakamuuliza kwa nini hakusema la ziada. Alirudi kazini, na tangu hapo hakugusa disiki kabla ya kusoma namba yake kwa chini na kuilinganisha na ile ya kwenye kumbukumbu za kerneli, Waziri apige honi asipige. Bukuru na Butoyi hakuwaita tena. Nyumbani redio zilirudi kukoroma, na yeye akala ugali wake katikati yao.

Masika yalikuwa yameanza gunia la maharagwe lilipoleta disiki nyingine kutoka Muyinga. Alisoma namba, akanakili, akafuta ile ya zamani baada ya kunakili, akamuaga Waziri. Ndipo akasikiliza. Katikati ya sauti za wengine ikaja ya mwanamke mzima.

“Mi ni Marceline, nauza vitenge. Tumerudi Muyinga. Mtoto iko na mi, na alama iko, hata jana nimeiangalia. Ye hataki kuongea na mashine, anasema mara ya kwanza aliongea bure. Lakini amenituma niulize kitu moja. Anasema siku ile aliungua, si ye alilia. Ni baba alilia. Anauliza kama baba bado analia.”

Katika tangazo lake Nassoro alitaja kovu. Machozi hakuwahi kumtajia mtu yeyote. Aliigeuza disiki, akaisoma tena namba ambayo alikwisha isoma, kisha akaiinamia.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Hata sasa hivi.”